Mjomba anasema chuo ni Mlimani, mimi moyo wangu uko kwenye hesabu

Shikamoo Somo,

Nina miaka 20, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu). Kwetu ni kijijini, wilaya ya Tandahimba. Jina langu naomba usilitoe, maana mjomba wangu husoma safu hii, na akikosa miwani husomewa.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Cha kwanza ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niliomba biashara nikakosa, wakanipa Jiografia na Mazingira. Cha pili ni chuo kimoja cha hapa Mtwara mjini, shahada ya uhasibu. Natakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa ile namba ya siri waliyonitumia kwenye simu, na mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Sina usingizi.

Majibu nilikwenda kuyaangalia steshenari, maana simu yangu ni ya kitochi. Yule kaka wa steshenari alipoona "Dar es Salaam" alipiga kelele mpaka waliokuwa wanatoa fotokopi wakageuka. Majibu ya uhasibu alikuwa hata hajayafungua. Nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, na sijui nani alinitangulia kwa simu, kwa sababu nilipokewa na vigelegele. Bibi alinifunika khanga mpya kama mwali aliyetoka ndani. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Nikashindwa kusema kuna na majibu mengine.

Mjomba ni kaka wa mama, na kwetu Wamakonde unajua uzito wa mjomba. Amesema atanunua kompyuta mpakato, atatoa nauli na kodi ya miezi ya mwanzo, lakini ni kwa Mlimani tu. "Mpwa wangu, chuo ni Mlimani. Hivi vingine ni vya kusogeza siku." Yeye alichaguliwa kidato cha tano mwaka 1986, hakwenda. Babu alifariki mwaka huohuo na nauli haikupatikana. Barua ile bado anayo, iko kwenye sanduku la bati pamoja na stakabadhi za korosho. Mimi sijawahi kuisoma.

Baba hasemi kitu. Lakini juzi usiku nilimsikia akimwambia mama kwamba kuna mtu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa magendo, amepita, yuko tayari kutoa fedha taslimu kwa magunia manne. Somo, korosho bado ziko mtini! Na baba ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa chama cha msingi akawaambia wenzake kwamba anayeuza kangomba anajichimbia kaburi. Mama yeye anataka niwe karibu, lakini mbele ya kaka yake hasemi.

Sasa nikueleze kuhusu hesabu. Misimu miwili, likizo za Desemba, nilikuwa nasaidia ghalani, naandika uzito mizani ikisomwa. Siku moja daftari na mzigo vikakataana: daftarini zilipungua kilo 45. Watu wakaanza kutazamana. Karani mzee aliyekuwa ananifundisha akaniambia, "Gawa kwa 9." Nikagawa, ikatoka 5 kamili. Akasema tofauti ikigawanyika kwa 9, kabla hujatafuta mwizi tafuta tarakimu zilizogeuzwa. Tukapekua stakabadhi moja moja mpaka tukaikuta. Babu mmoja alileta kilo 83, mimi nikamwandikia 38. Nilimpelekea stakabadhi mpya mwenyewe, kwa miguu, na jua lile. Tangu siku hiyo ninajua ninachokipenda.

Kijijini kwetu kuna kaka alimaliza Mlimani, huu mwaka wa nne anaendesha bodaboda. Kuna dada alisoma hapahapa Mtwara, yuko benki Masasi na ana gari. Nilipomwambia mjomba habari zao akanijibu, "Mkapa alitoka Lupaso. Je, alisoma Mtwara?" Watu wakacheka, nikanyamaza.

Halafu kuna jambo dogo tu. Sijawahi kuvuka Daraja la Mkapa, lile la mto Rufiji njia ya kwenda Dar. Hata JKT nilipangiwa Nachingwea, hukuhuku kusini. Nasikia Dar wanafunzi waliokosa vyumba wanabebana, wawili kitanda kimoja, na Bodi ya Mikopo bado haijatoa orodha.

Je, jina la chuo lina thamani kweli, au ni la kufurahisha watu? Nikibaki Mtwara nitajuta? Na mjomba nimwambieje?

Mpwa wa Mjomba, Tandahimba

*

Marahaba, mwanangu.

Kwa kuwa mwisho ni Ijumaa, jibu hili nimekutumia wewe kwanza, wasomaji wengine wataliona baadaye. Jina nimelificha na mambo mawili matatu nimeyageuza, ingawa mjomba mwenye macho atajitambua tu. Mjomba, kama umefika hapa, shikamoo. Endelea kusoma, sikusemi vibaya.

Hongera. Katika vigelegele vile sidhani kama kuna aliyekupongeza kwa uhasibu, basi mimi nakupongeza kwa vyote viwili.

Nilivyoielewa barua yako, umefunga mambo manne kwenye kanga moja: chuo, kozi, fedha na mjomba. Ukiulizwa la chuo unajibu la mjomba, ukiulizwa la kozi unajibu la fedha. Ndiyo maana hulali. Tuifungue kanga, tutoe kimoja kimoja, hata kama mwishoni utayafunga tena vilevile.

Nianze na kozi. Ile ya Mlimani umeitaja mara moja, ukaiacha. Kilo 45 umeziandikia aya nzima, mpaka jua la siku ile nimelihisi. Mtu angeweza kusema basi, jibu limeshapatikana. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu nina swali: uhasibu umeushika kwa mikono ghalani. Jiografia umeishika wapi? Darasani, kwenye ramani ya ukutani. Unalinganisha kazi uliyoionja na kozi unayoijua jina tu, na kozi ya namna hiyo lazima ishindwe.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara yetu ya kwenda Dar pale maeneo ya Somanga, mabasi yakalala njiani. Kuna watu kazi yao ni kujua maji yatapita wapi kabla hayajapita, wanachora kwa picha za setilaiti na kompyuta. Kuna wanaopima athari za mazingira kabla mtambo haujajengwa, na mkoa wetu wenye gesi ya Madimba na hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi unawahitaji watu hao. Sikushawishi uende huko. Ninachotaka ni kwamba ukiikataa, uwe umeikataa yenyewe, isiwe kwa sababu hukupewa biashara. Kabla ya Ijumaa mtafute mtu mmoja aliyeisoma, muulize mwaka wa kwanza wanasoma nini na wenzake wako wapi leo.

Sasa jina la chuo. Mjomba wako hajatunga. Mwaka 1986, alipokuwa na ile barua mkononi, Tanzania Bara ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu: Dar es Salaam, na Sokoine cha Morogoro kilichokuwa kimezaliwa mwaka 1984 kutoka ubavuni mwa hichohicho cha Dar. Chuo Kikuu Huria sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, na vyuo binafsi vikaja baada ya hapo. Kwa kijana wa Tandahimba wa wakati ule, kusema "chuo" na kusema "Mlimani" kulikuwa karibu jambo moja. Anakupa ramani ya kweli, ila imechorwa zamani. Na habari ya Mkapa, mcheke kidogo: mzee wetu alimaliza Makerere mwaka 1962, wakati Tanganyika chuo kikuu chake kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kianze, tena kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Hakuchagua kati ya Mtwara na Mlimani. Mlimani penyewe palikuwa bado pori.

Je, jina lina thamani leo? Kuna wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, waliolitazama swali hilo kwa njia niliyoipenda. Kulinganisha tu waliosoma vyuo vyenye jina na wasiosoma ni kujidanganya, kwa sababu vyuo hivyo huchukua vijana ambao wangefanikiwa hata wangesomea chini ya mkorosho. Kwa hiyo waliwatazama vijana walioanza chuo mwaka 1976, wakalinganisha waliokubaliwa na vyuo vya namna moja, wengine wakaenda kwenye jina kubwa, wengine wakaamua kwenda kwingine. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002 yalionyesha kwamba miaka mingi baadaye mapato yao hayakupishana sana. Kijana aliyekubaliwa, alikuwa yuleyule popote alipokwenda.

Ningeishia hapo, ungeruka ukathibitishe Mtwara. Lakini waliona na tofauti. Vijana wa familia maskini walifaidika na chuo chenye jina, na katika utafiti wao wa baadaye ikaonekana hivyo pia kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana. Hapo nilisimama, nikakukumbuka wewe, wa kwanza katika ukoo. Mtoto wa mkurugenzi anawajua wakurugenzi tangu utotoni, chuo hakimwongezei wengi. Wewe yule utakayekaa naye kwenye ukumbi wa mihadhara anaweza kuwa mtu wa kwanza maishani mwako ambaye shangazi yake ni mkaguzi wa hesabu.

Ila Marekani si Mtwara, na wale hawakuwa wanachagua kati ya kozi wanayoipenda na wasiyoijua. Huku kwetu soma matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira. Yanataka shahada fulani kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, hayasemi Mlimani, kisha unaitwa kwenye usaili wa kuandika pamoja na mamia ya wenzako. Na katika uhasibu kuna jambo ambalo mjomba huenda hajawahi kuambiwa: mwisho wa safari, wote mnakwenda kukaa mtihani wa CPA wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, Mei au Novemba. Karatasi ni ileile. Msahihishaji hajui umetoka chuo gani. Ni fani chache zenye mizani ya namna hiyo, na wewe unajua mizani.

Siwezi kukudanganya kwamba jina halifanyi kazi popote. Kuna ofisi za watu binafsi ambako bosi akiona Mlimani kwenye karatasi anatabasamu kabla hujafungua mdomo, hasa kama naye alipita hapo. Haki au si haki, ipo.

Kaka wa bodaboda na dada wa benki, naomba uwaweke pembeni wote wawili. Hujaniambia kaka alisoma nini, alimaliza kwa alama gani, na amekosa nafasi mara ngapi. Hujaniambia dada aliingia benki kwa mlango upi. Watu wawili wa kijiji kimoja hawatoshi kuhukumu vyuo viwili. Na kaka yule wa bodaboda, kwa kuwa kila mtu anamtolea mfano, nina hakika hakuna aliyewahi kumuuliza Mlimani palimpa nini. Mpandie pikipiki siku moja, mlipe nauli yake, muulize.

Nije kwenye lile uliloliita jambo dogo. Hujawahi kuvuka daraja. Mwanangu, mimi nilipovuka Rufiji mara ya kwanza kulikuwa na pantoni, daraja lilifunguliwa mwaka 2003, na nililia kuanzia Ikwiriri mpaka Mbagala nikijifanya vumbi limeniingia machoni. Jiulize ukiwa peke yako: hiki chuo kingine kingekuwa Mwanza, na uhasibu uleule, ungeutaka? Na Mlimani pasingekuwa na vigelegele, pangekuwa na maana kwako? Kuogopa Dar si aibu, wala kupenda vigelegele si dhambi. Ila kila kimoja kinaweza kuvaa nguo ya mapenzi ya kozi, usikitambue.

Ukienda Dar, hatari zake umezitaja nusu. Kubebana kupo kweli. Hosteli za Magufuli na Mabibo zinachukua wengi lakini hazichukui wote, na anayekosa hupanga Changanyikeni, Msewe au Sinza kwa bei za huko. Bumu, ile fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, kwa anayepewa kamili ni hilohilo uwe Dar au Mtwara, wakati sahani ya wali haina bei moja. Kubwa zaidi kwangu ni hili: mtu anayesoma asichokipenda akiwa na njaa ndiye anayeanza kukusanya sapu, mitihani ya kurudia. Wengine hutumaini kuhamia kozi nyingine wiki za mwanzo. Utaratibu wa kuomba upo, lakini ni mpaka nafasi iwepo na alama zikubali, na uliikosa biashara mara ya kwanza. Usijenge nyumba juu ya dirisha la kuhamia.

Kubaki Mtwara nako kuna hatari yake, na hii watu hawaitaji kwa sababu haina sura mbaya. Utakuwa saa chache tu kutoka nyumbani. Kila msiba utakuwa wako. Wakati wa kupulizia salfa utaitwa, wakati wa kuokota korosho utaitwa, bibi akiumwa utaitwa, na mama atakwambia "si hapo tu, utarudi Jumatatu." Nimewafundisha wasichana waliomaliza miaka mitatu hivyo, kitabu mkono mmoja na ndoo mkono mwingine. Na wachumba nao wataijua njia. Kama unachagua Mtwara, mapatano ya siku za kurudi nyumbani yafanyike mapema, tena mbele ya mama.

Kuna wanaosema usithibitishe popote, uombe upya mwakani. Kwa msichana wa miaka 20 aliyekaa kijijini mwaka mzima bila shughuli, wewe mwenyewe unajua mazungumzo yatageukia wapi. Nalitaja tu.

Fedha sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Tatizo la baba yako ni kalenda. Vyuo vinataka fedha kabla mnada haujaanza, na mnada ukianza malipo yanapita chamani na benki kwanza. Mtu wa kangomba anaishi kwenye pengo hilo la wiki chache, analijua kuliko afisa ushirika. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kupeleka korosho ghalani na kusubiri mnada, tumeanza nao msimu wa 2007/2008 ili watu kama baba yako wasimwendee. Kwa hiyo fanya kazi yako, mhasibu: chukua daftari, andika kila chuo kinataka shilingi ngapi kabla ya bumu la kwanza, na shilingi ngapi zinaweza kusubiri korosho. Ada yenyewe ulizia kama inalipwa kwa awamu. Huenda pengo ni la magunia mawili, huenda la nusu gunia. Baba akiiona namba anaweza kumrudisha yule mtu kutoka mlangoni. Mkopo ukija, kumbuka utaurudisha ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, umesoma Mlimani au Mtwara.

Na hapo ndipo ombi lako kwa mjomba linaweza kubadilika. Badala ya kumuuliza "utanilipia nikienda Mtwara?", ambalo atalijibu kwa hasira, mwombe akopeshe lile pengo mpaka mnada, kwa chuo chochote utakachothibitisha. Anaweza kukataa. Ni fedha yake. Lakini angalau utajua anachokataa ni nini, na utajua kama uamuzi wako unasimama bila kompyuta yake.

Jumapili jioni, akiwa ametulia, nenda peke yako. Usianze na Mlimani wala Mtwara. Mwombe afungue lile sanduku la bati akuonyeshe barua ya 1986. Isome yote, kwa sauti kama atataka, maana miwani huwa hana. Muulize ilikuwa shule gani, na angesoma nini. Mwache amalize, hata giza likiingia. Akishairudisha sandukuni, mweleze za kilo 45, kuanzia daftari lilipokataana na mzigo mpaka ulipofika kwa yule babu na stakabadhi yake. Sidhani kama amewahi kuzisikia.

Somo